Kabla Hujasema Sí Tena

Nekesa,

Nakuandikia nikiwa nimekasirika, na sitaki kungoja hasira ipoe, kwa sababu ikipoa nitaanza kukuandikia habari za sweta na za kula vizuri na za kupiga simu ukifika, na hayo yote unayajua. Umeenda kusukwa. Najua ile salun haikuachilii kabla ya saa kumi na moja, kwa hivyo nimefunga kibanda mapema, maharagwe yaliyobaki nimempa jirani, na nimekaa mezani na daftari lako la Kihispania. Nimechana karatasi za katikati ndizo ninazoandikia. Utanisamehe. Huo ni msamaha wa kwanza ninaokuomba leo na kuna mwingine unakuja, lakini usidhani nimelainika.

Ni ile simu ya Jumapili ndiyo imeniweka hivi.

Ulikuwa umekaa kwa stuli, simu umeiegemeza kwenye mkebe wa majani chai, kichwa umekifunga na kitambaa changu cha kanisa. Mimi nilikuwa kitandani nyuma ya pazia, mahali yule mama wa Uhispania hawezi kuniona. Tulikubaliana nitashika daftari, ukikwama nikuonyeshe neno. Haukukwama. Ulimsalimu vizuri mpaka nikatamani Bondeni yote iwe kwa mlango inasikiliza. Akakutembeza nyumba yake na simu, jikoni, bafu, halafu akakuonyesha mama yake, yule nyanya unayeenda kumtunza, ameketi karibu na dirisha na blanketi miguuni. Halafu akaanza maswali.

¿Vas a dormir en la habitación de la abuela? Utalala chumba kimoja na nyanya?

Ukasema sí, señora. Hiyo sikuona ubaya. Mgonjwa halali peke yake.

Los primeros meses vas a trabajar también los domingos, ¿verdad? Miezi ya kwanza utafanya kazi Jumapili pia, ama?

Sí, señora.

Y el pasaporte lo guardamos nosotros, ¿vale? Na pasipoti tutakuwekea sisi, sawa?

Sí, señora. Ukatabasamu, ukampungia mkono, simu ikakatika.

Nikatoka nyuma ya pazia. Nikakuuliza, "Umeelewa alichosema?"

"Nimeelewa, mathe."

"Chote?"

"Kwani wewe haukuelewa? Si ndiwe umeshika daftari miezi tano."

"Nimeelewa. Ndiyo maana nakuuliza."

Ukacheka. Hapo ndipo uliponimaliza, kucheka. Ukaniambia, "Hiyo ni ya kuingilia tu. Nikishafika nitajipanga."

"Utajipanga na nini, na pasipoti iko kwa kabati yake?"

"Sasa ningesema nini? Ningemwambia hapana? Mathe, hii kazi watu wanailia huko nje."

Ukachukua mtungi ukaenda kuchota maji ukiimba. Tangu hapo mpaka leo Jumanne tumeongea tu habari za chumvi iko wapi na nani ameacha mlango wazi. Wewe unafikiri nimenuna kwa sababu unaenda. Wacha uende. Mimi ndiye niliyeuza cherehani upate kusoma hiyo kozi ya kutunza wazee, siwezi kuwa ndiye wa kukufungia mlango. Nimekasirika kwa sababu unaenda na ndiyo mdomoni kama mtu anayeenda na kipande cha muwa.

Hasira yangu ilianza kwako. Jumapili usiku ikahamia kwa yule mama. Jana nikichuja maharagwe nikaiona imegeuka inaniangalia mimi. Kwa sababu nilijiuliza, huyu mtoto amejifunza wapi kujibu hivi? Kihispania nilikuona ukijifunza, hata mimi nikajifunza nikiwa hapo. Hiyo sí uliipata mahali pengine, kabla ya mwalimu wako wa mjini.

Unakumbuka tulivyoanza? Ulirudi kutoka darasani siku hiyo umefurahi, ukaniambia, "Mathe, hawa watu wanauliza kama sisi." Sikukuelewa. Mimi kuuliza kwa Kizungu kulinitoa machozi shuleni, ile do you, ile does she, neno linatoka nyuma linaenda mbele, lingine linazaliwa katikati, na ukikosea mwalimu ana mwiko. Ukaniambia huku hakuna hayo. Ukasema, "Tienes hambre, una njaa. Sasa pandisha sauti mwisho. ¿Tienes hambre? Una njaa? Basi, umeuliza." Nikakuambia haiwezekani iwe rahisi hivyo, watu wametoka Ulaya. Ukasema maneno ni yale yale. Ukitaka unaweza kumtanguliza anayefanya au kumweka nyuma, la abuela ha comido, ¿ha comido la abuela?, nyanya amekula, amekula nyanya? Lakini kinachouliza ni sauti.

Na ile alama. Siku ya kwanza nilipoona kiulizo kimesimama kwa kichwa mwanzo wa sentensi nilifikiri umeshika daftari juu chini, nikalipindua, nikakiona kile kingine cha mwisho ndicho kimegeuka sasa. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukanieleza wanakiweka mbele ili anayesoma ajue mapema kwamba anaulizwa, asifike mwisho ndipo ashtuke. Niliipenda sana hiyo. Nilikuwa nikikaanga chapati nikawa naiwazia. Mara ngapi mimi nimefika mwisho wa jambo ndipo nikajua nilikuwa nimeulizwa, na nilishajibu.

Basi kila jioni, mimi nikiwa nimechoka miguu imevimba, nilikuwa nyanya mgonjwa kwa kiti na wewe ukiniuliza. ¿Le duele? Inakuuma? ¿Quiere agua? Unataka maji? Na mimi najibu sí, no, sí, no, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo sikuliona mpaka Jumapili. Wewe ndiye uliyeuliza karibu siku zote. Hata siku moja sikukuuliza wewe kitu ambacho jibu lake ni no. Siku chache nikijifanya señora nilikuuliza, unajua kupika? Unaweza kuanza saa kumi na mbili? Na wewe sí, sí, na mimi nakusifu.

Sasa nitakuambia kitu kuhusu Naivasha. Unajua nilifanya kazi kwa maua huko ukiwa mdogo, na unajua niliacha kwa sababu ya kifua. Hivyo ndivyo nilivyokuambia. Kifua kilikuwa sawa kabisa.

Tulikuwa tunaishi na Consolata chumba kimoja. Humkumbuki, lakini yeye ndiye aliyekubeba mgongoni nikiwa na zamu ya asubuhi, na neno lako la kwanza la kueleweka lilikuwa jina lake, Sola, si mama. Tulifanya kazi meza moja, tunapanga maua kwa urefu. Wakati wa sikukuu za wazungu, oda zikiwa nyingi, tulikuwa tunarudishwa kukata ndani ya nyumba ya plastiki dawa ikiwa bado imening'inia hewani. Kibao cha kukataza kilikuwa kinaondolewa tu. Consolata macho yakaanza. Asubuhi anayafungua na maji ya vuguvugu.

Siku moja akaja mama mmoja mgeni na karatasi, ametumwa na wale wanaonunua maua, pamoja na msichana wa kutafsiri. Msimamizi wetu akasimama nyuma ya ndoo, mikono kifuani, anatuangalia midomo. Yule mgeni alikuwa mtu mpole. Maswali yake yalikuwa ya ndiyo au hapana, anaweka alama kwa kisanduku. Mnapewa glavu? Ndiyo. Mnapewa miwani? Ndiyo, na hiyo miwani tulipewa asubuhi ile, ya kwangu bado ilikuwa na kile kikaratasi cha dukani kwa kioo. Mnangoja masaa yapite kabla ya kuingia? Ndiyo, madam.

Halafu akamwangalia Consolata, akaniangalia mimi. Msichana akatafsiri: "Anauliza, huyu mwenzako macho yake yako sawa?"

Nekesa, lilikuwa swali jepesi. Lilikuwa na majibu mawili na yote mawili nilikuwa nayo mdomoni. Msimamizi alikohoa kidogo. Nikasema, "Ako sawa, ni vumbi tu."

Consolata aliniangalia na yale macho, halafu akaendelea kupanga maua. Jioni tulipika pamoja. Akakuogesha. Mwaka haukuisha jicho la kushoto likawa na ukungu mweupe, akaambiwa apumzike nyumbani, nasi tukajua huko kupumzika ni kwenda kabisa. Yuko Bungoma kwao. Mimi niliacha kazi miezi miwili baadaye kwa sababu aliletwa msichana mwingine akasimama pale mezani mahali pake, akanisalimu vizuri, na nikashindwa kumjibu.

Kila Krismasi Consolata hunitumia salamu, anauliza, "Mtoto wangu ni mzima?" Ni wewe huyo. Mimi najibu, "Ni mzima, na wewe uwe mzima pia." Sijawahi kumuuliza jicho.

Hasira niliyo nayo kwa msimamizi yule ungeweza kuipikia. Lakini yeye hakufungua mdomo hata mara moja. Aliyesema ni mimi.

Na kuna maswali ya aina nyingine uyajue, yale yanayokuja na mkia. Baba yako alikuwa fundi wa hayo. Nilikuwa nasaidia shangazi yangu kwa hoteli yake Salgaa, nimemaliza Form Two na karo imekwisha, nimefika miaka kumi na nane, na yeye ni turnboi, msaidizi wa dereva, anashuka kwa lori anaagiza matumbo. Hakuwahi kuniuliza kama nataka kitu. Aliuliza, "Si utaningoja?" Sasa hapo utajibu nini? Hilo swali limeshajibiwa likiwa bado kwake. Nikasema nitakungoja. Nilingoja, wewe ukazaliwa, ukaota meno, mimi nangoja. Wahispania nao wana mkia wao, umeniandikia hapa kwa kalamu nyekundu: ¿verdad? ¿no? ¿vale? Ukisikia huo mkia, tulia. Mtu huyo haulizi, anapitisha.

Lakini si baba yako aliyekufundisha kusema ndiyo, alikuwa hayupo. Ni mimi. Na hapa ndipo ninapotaka kuomba ule msamaha mwingine, na naandika polepole kwa sababu mkono haupendi.

Ulikuwa darasa la tatu. Niliporudi kutoka kibandani nikakuta themosi imevunjika ndani, ile ya maua mekundu. Ukiitikisa inalia kama mchanga. Nikakuita.

"Umevunja themosi?"

"Hapana, mama."

"Nakuuliza tena. Umevunja themosi?"

"Sikuivunja."

Nikakuambia, "Unanijibu? Unanijibu mimi?" Ukanyamaza. Nikasema, "Si naongea na wewe? Umekuwa bubu?" Ukasema tena hapana, ukiniangalia machoni, na hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi, kuniangalia machoni. Nikachukua kandambili. Sijui ilikuwa ya ngapi ndipo ukasema, "Ndiyo, mama. Ni mimi. Nimevunja." Nikaacha. Nikakuambia umeona, ungesema ukweli mapema yangeisha.

Usiku huo nikifungua kabati nikakumbuka. Asubuhi nilikuwa nimechelewa, nikaiweka themosi kwa ukingo wa meza, ikaanguka ubavu, nikaiokota nikaitia kabatini bila kuitikisa. Ilikuwa mimi. Nilijua siku hiyo hiyo, wewe ukiwa umelala hapo na uso umevimba kwa kulia, na sikukuamsha. Asubuhi nilikupa mandazi mawili badala ya moja. Ukasema asante, mama.

Nimekaa na hiyo themosi miaka yote hii. Ulikuwa na hapana, Nekesa. Ulikuwa nayo, ya kweli, umeishika na mikono yote miwili, na mimi ndiye niliyeipiga mpaka ikakutoka. Kila mama hapa Bondeni anauliza hivyo, unanijibu, na ukinyamaza anauliza mbona hujibu, na tunacheka tukikumbushana yetu. Majirani walikusifu. Mtoto wa Rose ana heshima, ukimtuma haulizi, ukimwambia kitu ni ndiyo tu. Nami nilikuwa navimba kichwa. Sasa Jumapili nikiwa nyuma ya pazia nikaisikia ile heshima ikiongea Kihispania.

Nisamehe ya themosi. Haukuivunja.

Hasira bado iko, usifikiri nimemaliza. Nimemkasirikia yule mama pia, na sijamalizana naye. Labda si mtu mbaya. Labda msichana aliyekuwa hapo kabla yako alimtoroka akiacha mzee peke yake, naye akaapa. Labda anafikiri hiyo ni kuweka kitu salama. Simjui. Lakini mtu mzuri akiambiwa hapana huuliza kwa nini, na mtu mbaya akiambiwa hapana hukasirika, na wewe umemwambia sí kwa haraka mpaka sasa hatujui ni yupi unaenda kulala kwake. Hilo ndilo linaloniuma. Lile swali lake lingetusaidia sisi kumjua, na ukalipoteza.

Jana nilimpigia yule wakala aliyekutafutia hii kazi. Nikamuuliza, "Pasipoti ya mtu kukaa na tajiri, sheria inakubali?" Akaniambia, "Mathe, usiwe na wasiwasi, wasichana wengi wameenda na wako sawa." Nikamwambia sikuuliza wengi. Inakubali au haikubali? Akasema mtandao unasumbua. Basi nikajua.

Huyo nyanya wa dirishani, yeye nataka umuulize sana. ¿Le duele? Lakini ukiuliza ungoje. Kukhu yako alipokuwa anaumwa, sisi watoto wake tulikuwa tunaingia tunamuuliza uko sawa, mama?, tukiwa tumeshika mlango, na yeye anasema niko sawa, kwa sababu aliona tumeshika mlango. Mtu anayelala kitandani siku nzima anaulizwa maswali ya ndiyo na hapana na watu wenye haraka. Wewe kaa chini kwanza. Akikwambia no quiero, sitaki, usimlazimishe uji ili sahani iwe safi. Mwachie hapana yake. Utaona mtu anavyokuwa mtu ukimwachia hiyo.

Sasa sikiliza, maana naona jua limefika kwa ukuta wa choo na utarudi.

Pasipoti yako haiko kwa begi. Usihangaike kupekua, niliitoa asubuhi ukiwa umelala. Ninayo ndani ya nguo, mahali unajua hakuna mtu anaweza kufika. Kesho saa mbili, kabla hatujabeba begi, nitakaa kwa kile kiti na nitakuuliza kama yule mama, kwa sauti yake ile ya asali, na mkia wake wote. Nitakuuliza mambo mengine kwanza, kama kawaida. Unajua kupika? Unaamka mapema? Halafu nitanyoosha mkono nikuulize, el pasaporte lo guardo yo, ¿vale?

Utaniambia, no, señora. Lo guardo yo. Naiweka mimi mwenyewe. Umeyaandika mwenyewe kwa ukurasa wa mwisho, nimeyaona, kumbe uliyajua. Utayasema ukiniangalia machoni. Ukitetemeka, tetemeka, lakini useme. Tukimaliza tutampigia yeye pamoja, safari hii nimekaa kando yako anione, umwambie yale yale, tumsikie atakavyojibu kabla ndege haijakubeba. Akikasirika tutafungua begi tutundike nguo zako hapa hapa, na mimi nitaenda kwa wakala na mwiko.

Ukiniambia sí, pasipoti inabaki nilipoiweka na maharagwe ya kesho tutachambua wawili. Sitanii.

Najua itakuwa vigumu, kwa sababu ni mimi nitakuwa nimenyoosha mkono, na mimi haujaniambia hapana tangu darasa la tatu. Ndiyo maana nataka uanzie kwangu. Useme, kisha ungoje uone nitafanya nini.

Sitakuuliza kama unanijibu. Nitaingiza mkono nguoni, nikupe kitabu chako kikiwa na joto, na nibebe lile begi kubwa mwenyewe mpaka stejini.

Mama yako,
Rose